Harufu Tamu Si Utoto

Ipo kasumba moja ambayo aghalabu haitajwi katika mijadala yetu ya utamaduni, kwa kuwa wenye nayo huidhani busara, na wanaoelekezewa huona haya kuijibu. Kasumba hiyo yasema hivi: manukato yenye harufu tamu, yanayonukia matunda yaliyoiva, sukari iliyoungua kidogo, vanila au asali, ni manukato ya watoto na ya watu wasio na haiba. Mtu mzima, hasa mwanamume, na hasa mwenye cheo, yampasa anukie vitu vikavu na vichungu: majani, magome ya miti, ngozi. Wengine huongeza kwamba harufu hizo tamu ni ugeni tulioletewa juzi ndani ya chupa za Ulaya, na kwamba mtu wa kwetu azipendaye ameyatupa ya kwao.

Nakusudia kuipinga kauli hiyo katika sehemu zake zote mbili, ile ya utoto na ile ya ugeni. Wala asidhani msomaji kwamba natetea chupa ya duka. Chupa ina mwenyewe wa kuitetea, na mwenyewe huyo ana fedha za kutosha za kuitangaza. Mimi naitetea pua yetu, na kumbukumbu iliyohifadhiwa ndani yake, na kazi ya mikono ya mama zetu ambayo hatujaipa mahali pake katika vitabu vya taifa.

Nianze na lililonifika mwenyewe. Mimi ni mtumishi wa serikali, umri wangu umepita hamsini, na katika saa zangu za faragha hutunga mashairi. Mwaka mmoja binti yangu aliniletea zawadi ya chupa ndogo ya manukato. Jina lake silitaji, maana sikuja hapa kufanya biashara. Nilipoyapaka mkononi yalianza kwa harufu ya embe lililoiva mpaka ganda limelegea. Baada ya kitambo ikaja sukari iliyopikwa hadi ikageuka rangi, na vanila. Kisha mwishoni kabisa, saa chache baadaye, pakabaki kitu kama mti ulioguswa na moto. Nilikaa barazani nikijinusa mkono kama mtu aliyepotelewa na kitu. Nilikuwa naijua harufu ile, wala sikuijulia dukani.

Asubuhi ya pili yake nilikwenda nayo kazini. Tulikuwa na kikao cha kupanga orodha ya vitu vya kuwekwa katika maonyesho ya utamaduni. Mkubwa mmoja alinigeukia mbele ya wenzangu akasema, "Bwana mshairi, leo umetokea kwenye karamu ya watoto?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, kama afanyavyo mtu asiyetaka kuonekana ameumia. Baadaye kidogo, katika kikao kile kile, kijana mmoja wa kike, mwajiriwa mpya, aliomba ruhusa akapendekeza kwamba katika maonyesho hayo waalikwe akina mama wapike udi mbele ya wananchi, ili vijana waone unavyotengenezwa. Mkubwa yule akajibu, "Hayo ni mambo ya jikoni. Watu wanakuja kuona utamaduni." Pendekezo likapigwa mstari. Binti yule akainamisha kichwa akaandika kitu daftarini mwake, asiseme tena hadi mwisho.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa najua kwamba kicheko kile na mstari ule vimezaliwa na mama mmoja, lakini sikusema neno. Insha hii ndiyo jibu nililopaswa kulitoa siku ile, nalo limechelewa.

Hebu tutazame kwanza udi wenyewe unavyopikwa, kwani wengi huusikia moshi wake arusini pasipo kujua ulivyotengenezwa. Udi unaopikwa majumbani katika mwambao wetu na visiwani si kipande cha mti kitupu. Sukari huwekwa chomboni pamoja na marashi, juu ya moto mdogo, ikakorogwa polepole mpaka iyeyuke, itokote, ianze kugeuka rangi ya asali na kisha rangi ya kahawia. Hapo ndipo hutiwa vipande vya udi, unga wa sandali, ambari, miski na mafuta mengineyo mazuri, kila nyumba na kipimo chake na siri yake. Mpishi hukoroga bila kuupumzisha mkono, maana sukari ikipita kiasi huwa chungu, na isipofika kiasi hainati. Mwisho mchanganyiko humwagwa kwenye sinia, ukatandazwa, ukaachwa ukauke, ukahifadhiwa katika kopo lililofungwa sawasawa. Kipande chake kikiwekwa juu ya kaa la moto ndani ya chetezo, inayonukia mwanzo ni ile sukari. Kisha hufuata mafuta na maua. Mti huja nyuma yao, nao ndio unaokaa katika nguo hadi siku ya tatu.

Msomaji ataona sasa kwa nini nilijinusa mkono pale barazani. Mpango ni ule ule: utamu mbele, maua katikati, mti na moshi nyuma. Kilichofanywa maabara na kutiwa chupani, mama yangu alikifanya kwa sufuria, mwiko na pua yake, Pemba, katika jiko la makuti lenye mafiga matatu.

Basi tuje kwenye tuhuma ya kwanza, ile ya utoto.

Wasemao kwamba harufu tamu ni ya kitoto hawajajiuliza utamu huo unatoka wapi. Utamu, kwa hakika, ni kazi ya ulimi. Pua haina mahali pa kuonjea sukari. Twaa vanila tupu, isiyochanganywa na chochote, uilambe: ulimi hautaona utamu wowote, bali uchungu. Lakini inuse, nawe utasema mara moja kwamba ni tamu. Kwa nini? Kwa sababu tangu utotoni uliinusa pamoja na vyakula vitamu, na akili ikaviunganisha viwili hivyo hata visitenganike tena. Wataalamu wa hisia wamelithibitisha jambo hili: sehemu kubwa ya kile tukiitacho harufu tamu ni mafunzo. Mtu aliyelelewa kwenye mdalasini na iliki huyasikia matamu yake humo. Aliyelelewa kwenye vitu vingine huyasikia kwingine.

Ni kweli, basi, kwamba harufu tamu yatoka utotoni. Nalikubali hilo bila kusitasita. Lakini Kiswahili changu nacho kilitoka wapi? Nilikipata mapajani mwa mama, kabla sijajua kufunga kifungo cha shati. Je, yuko mwalimu atakayesimama darasani aseme kwamba lugha ni jambo la kitoto kwa kuwa tuliipata tukiwa watoto? La hasha. Tunasema kinyume chake: kwa kuwa tuliipata mapema ndiyo maana imeingia ndani, na kwa kuwa imeingia ndani ndiyo maana inatustahili kuitunza na kuikuza. Vivyo hivyo na pua. Kitu kilichojifunzwa nyumbani, kutoka kwa waliotutangulia, kikabaki ndani ya mtu hadi uzeeni, kina jina lake: huitwa utamaduni. Mkubwa yule aliyesema kwamba watu wanakuja kuona utamaduni si mambo ya jikoni, alikuwa sawa na mtu asemaye kwamba anataka maji, si mambo ya kisima.

Na tuitazame pia lugha yetu, maana mara nyingi lugha huwa imekwisha kutoa hukumu wakati wasemaji wake wangali wanabishana. Tuna kitenzi nuka, na tuna kitenzi nukia. Kinachonuka chatuudhi, kinachonukia chatupendeza. Tofauti yao ni irabu moja tu, ile ya kauli ya kutendea, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari ameifundishwa: pika, pikia, imba, imbia, andika, andikia. Sisemi kwamba wazee walikaa kitako wakaitunga sarufi hii kwa makusudi. Nasema kwamba lugha, kwa namna yake ya kimya, imeiweka harufu njema katika kauli ile ile tutumiayo kwa jambo lifanywalo kwa ajili ya mwingine. Anayenukia humnukia mwenziwe. Ndiyo maana mgeni hupokewa kwa mrashi, na bibi arusi hufukizwa, na kanzu ya sikukuu huwekewa moshi kabla haijavaliwa. Hayo yote ni heshima, na heshima ni sifa ya watu wazima.

Kuhusu uanaume, sina haja ya kusema mengi. Baba yangu alikuwa mchumaji wa karafuu, mwenye mikono migumu kama gome la mkarafuu wenyewe. Siku ya Idi kanzu yake ilitundikwa juu ya chetezo mpaka ikashiba moshi wa sukari na udi, naye akaivaa akatoka kifua mbele. Sikupata kusikia mtu kijijini akimwuliza kama ametoka kwenye karamu ya watoto.

Nije sasa kwenye tuhuma ya pili, ile ya ugeni. Na hapa nina maneno kwa makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wale wasemao kwamba harufu tamu ni kitu cha Ulaya, kwa hiyo tukiache. Kundi la pili ni la wapenzi wa chupa, wasemao kwamba ni kitu cha Ulaya, kwa hiyo tukikimbilie. Makundi haya hujiona mahasimu, lakini yameshika kosa moja kwa mikono miwili.

Historia ya manukato ya Ulaya yenyewe yatosha kulionyesha. Wafaransa wana jina la aina hii ya manukato: huyaita gourmand, neno ambalo maana yake ni mtu apendaye kula kwa raha. Wengi wao huhesabu kwamba aina hiyo ilizaliwa rasmi mwaka 1992, nyumba ya Thierry Mugler ilipotoa manukato yaitwayo Angel, yaliyotungwa na Olivier Cresp. Ndani yake mlitiwa kwa wingi kemikali inukiayo sukari iliyopikwa, ikasimamishwa juu ya pachuli, jani la Asia lenye harufu ya udongo na mti. Watu walistaajabu. Wengine wakacheka, kama nilivyochekwa mimi. Baadaye dunia nzima ikaiga, na mwaka 1996 nyumba ile ile ikawatolea wanaume manukato yao, A*Men, yenye kahawa na sukari iliyoungua. Utamu mbele, mti nyuma! Msomaji, je, huutambui mpango huo?

Siwatuhumu Wafaransa kwa wizi. Sina ushahidi wa hilo, na mtu asiye na ushahidi hana haki ya kutuhumu. Huenda walifika kwa njia yao wenyewe, kwani sukari na moto vipo kila mahali, na wao walikwisha kuanza safari hiyo zamani: Guerlain walitia vanila ya maabara katika Jicky mwaka 1889, wakatia harufu ya tunda la pichi katika Mitsouko mwaka 1919, na vanila tele katika Shalimar mwaka 1925. Ninalolisema ni hili tu: kitu kilichoitwa kipya huko Paris mwaka 1992 kilikuwa kimezeeka jikoni kwetu. Anayekikataa kwa kuwa ni cha Paris amekosea, na anayekikumbatia kwa kuwa ni cha Paris amekosea zaidi.

Tena tutazame vitu vyenyewe vinavyotiwa humo chupani. Vanila asili yake ni Mexico, ambako wadudu wa huko waliyachavusha maua yake. Ilipoletwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi ilichanua tu bila kuzaa. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion, mtoto mtumwa mwenye asili ya Kiafrika, umri wake miaka 12, aitwaye Edmond, aligundua njia nyepesi ya kulichavusha ua hilo kwa kijiti chembamba na kidole gumba. Hakuwa na ubini, kwa kuwa watumwa hawakupewa. Jina la Albius alilipata baada ya utumwa kukomeshwa huko mwaka 1848. Njia yake ilienea Madagaska na Ngazija na visiwa vyenzake, na hadi leo wakulima wa vanila, wakiwamo wale wa Uganda na wa Kagera, huchavusha ua moja moja kwa mkono, kwa namna ile ile. Edmond alikufa maskini mwaka 1880. Kila afunguapo mtu chupa yenye vanila ya kweli, amefungua kazi ya kidole cha mtoto yule. Hapo ndipo ulipo utoto katika harufu tamu, wala hauchekeshi.

Na karafuu je? Mwaka 1874 wataalamu wawili wa Ujerumani, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, walifaulu kuitengeneza vanilini, yaani kiini cha harufu ya vanila, nje ya tunda lake. Miaka michache baadaye ikaonekana kwamba vanilini yaweza kupatikana kutokana na euginoli, na euginoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Kwa miongo kadhaa, mpaka viwanda vilipogundua njia ya rahisi zaidi ya kutumia mabaki ya mbao, karafuu ilikuwa chimbuko kubwa la vanilini duniani. Na muuzaji mkuu wa karafuu wa zama hizo alikuwa Unguja na Pemba. Karafuu hizo zilipandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa, mpaka sheria ya mwaka 1897 ilipoiondolea hali ya utumwa nguvu yake, na kwa jasho la wachumaji masikini baada ya hapo. Basi ule utamu uliokuwa ukitiwa katika keki na manukato ya Ulaya ulikuwa, kwa sehemu yake, umeanikwa kwanza juu ya majamvi yetu.

Niongeze mlangilangi. Maua yake ya manjano tunayajua. Mama zetu huyasuka katika nywele na kuyachanganya na asumini na rihani katika vikuba. Visiwa vya Komoro vimekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta yake duniani, na mafuta hayo yamo katika manukato mashuhuri kabisa ya Ufaransa, Chanel No. 5 ya mwaka 1921 ikiwa mojawapo. Komoro ni jirani zetu na ndugu zetu, na lugha zao ni dada wa lugha yetu. Ua likiwa kichwani mwa mama huambiwa la kishamba. Likirudi na chupa ya kioo huwekwa kabatini na kufungiwa ufunguo.

Nililitungia jambo hili beti moja usiku ule niliotoka kikaoni:

Harufu yanirudia, ya jikoni kwake mama,
Sukari ikiivia, kwa moto usiovuma,
Leo naiulizia, madukani nasimama,
Chetu tunakisifia, kirudipo kwa gharama.

Ipo hoja ya tatu ambayo siwezi kuikwepa, maana hutolewa na watu wenye nia njema, wakiwamo walimu. Wao husema: taifa lenye watoto wasio na madawati halina nafasi ya kuzungumzia manukato, hiyo ni anasa. Nawajibu kwa kisa kimoja cha nyumbani kwetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi yetu ilipita katika dhiki kubwa ya bidhaa. Sukari, sabuni na nguo vilikuwa adimu, na watu walipanga foleni tangu alfajiri. Mwaka 1982, nikiwa na umri wa miaka kumi na mbili, dada yangu mkubwa alikuwa anaolewa. Mama alianza kuweka sukari kidogo kidogo katika kopo la maziwa, kijiko leo, kijiko kesho, katika fungu dogo tulilolipata. Sisi watoto tulinung'unika. Siku moja kaka yangu alimwambia waziwazi, "Mama, sukari ni ya kunywea chai, si ya kuchoma." Mama hakukasirika. Alisema, "Chai mtainywa chungu mwezi mmoja tu. Lakini dada yenu hatatoka mlangoni kwangu bila kufukizwa, akaonekana hana kwao."

Hana kwao! Mwanamke yule, ambaye hakupata kukaa darasani hata siku moja, alilijua jambo ambalo baadhi yetu tuliosoma hatulijui: kwamba katika dhiki watu hukitetea kile kinachowaonyesha kuwa wao ni watu. Anasa ni kile kinachomtenga mwenye nacho na jirani zake. Moshi wa udi hauna mlango, uliingia nyumba zote za mtaa wetu siku ile, na majirani ambao nao hawakuwa na sukari walisimama nje wakasema, "Leo kwa fulani kuna arusi." Dawati ni haki ya mtoto, nami nitaisema siku zote. Lakini mtoto akaaye juu ya dawati hilo yafaa afundishwe pia kwamba kwao kulinukia.

Nisije nikaeleweka vibaya, kila kitu kina kiasi chake. Kama nilivyosema kwamba kunukia ni kwa ajili ya mwenzio, basi anayejimwagia nusu chupa akaingia darasani au garini, akawafanya wengine wakohoe na wenye pumu washindwe kuvuta pumzi, huyo hanukii tena. Amerudi kwenye kitenzi cha kwanza. Mama alikuwa na desturi ya kutia kipande kimoja tu chetezoni, kidogo kama ukucha, na akisikia moshi umezidi alifungua dirisha. Wala simlazimishi mtu kuupenda utamu. Apendaye harufu ya majani makavu na ayapende kwa furaha. Ninachokikataa ni kufanya pendo lake kuwa kipimo cha ukubwa, na pendo la wengine kuwa dalili ya upungufu.

Kwa hiyo nawageukia walimu, kwa kuwa ninyi ndio wenye funguo. Katika somo la kemia, vanilini na euginoli zaweza kufundishwa kwa karafuu iliyomo jikoni mwa kila mwanafunzi. Katika somo la historia, Edmond wa Bourbon anastahili kutajwa pamoja na wakuu wa majahazi na masultani. Katika somo la Kiswahili, msamiati wa chetezo, mrashi, kikuba, tibu, dalia na liwa unazidi kusahauliwa, na kila neno linalokufa huondoka na ufundi wake. Katika somo la biashara, waulizeni vijana swali hili: Pemba kipo kiwanda cha mafuta ya makonyo ya karafuu, kwa nini sehemu kubwa ya faida ipatikane pale mafuta yanapotiwa katika chupa ndogo, na chupa hiyo iwe ya wengine? Swali hilo silo la kujibiwa na mshairi. Ni la kijana aliye kidato cha tatu leo.

Nanyi wanafunzi nina ombi moja dogo kwenu. Likizo ijayo mwende jikoni kwa bibi zenu, mama zenu na shangazi zenu, wake kwa waume, mkiwa na daftari na kalamu. Waulizeni udi wa nyumba yenu hupikwaje: sukari kiasi gani, moto wa namna gani, kipi hutiwa kwanza na kipi mwisho, na mkono hujuaje kwamba sasa yatosha. Yaandikeni. Msiseme mtauliza mwakani.

Nasema hivyo kwa sababu mimi sikuuliza. Mama yangu alifariki, Mungu amrehemu, na kipimo chake kikaenda naye. Dada zangu wanakumbuka nusu yake, kila mmoja nusu iliyo tofauti, na nusu hizo hazijapata kukutana. Nilisoma, nikapata kazi ya kuhifadhi utamaduni wa taifa, nikahifadhi ngoma na vinyago na mashairi ya watu wengine, na katika miaka yote hiyo haikunipitikia kuuandika udi wa mama, kwa kuwa nami, kwa siri, nilikuwa nimeamini kwamba hayo ni mambo ya jikoni. Sasa nikiitaka harufu ile nalipa fedha dukani, nikapewa kitu kinachofanana nayo, kilichotungwa na mtu ambaye hakupata kumwona.

Wiki chache baada ya kikao kile nilimwita binti yule mwajiriwa mpya, nikamwomba radhi kwa ukimya wangu. Nilimwuliza siku ile alikuwa akiandika nini daftarini. Akasita, kisha akalifungua akanionyesha. Palikuwa na mistari michache kwa mwandiko mzuri: kipimo cha sukari, kipimo cha marashi, majina ya mafuta matano, na chini yake maneno haya, "Bibi asema: moto mdogo, na usiondoke." Alikuwa amekuja nayo kikaoni ili atuonyeshe.

Nimeliandika upya pendekezo lake kwa jina lake, nikaliweka sahihi yangu chini, na nimelipeleka mara ya pili. Siku nilipolipeleka nilijipaka manukato yangu ya embe na sukari.